Vumbi Lisilo na Ladha

Walimkataza kuchomelea. Hawakumkataza kukaa. Kwa hiyo kila siku ya soko, kwa miezi mitano, Mwalimu alifungua mlango wa kibanda chake cha mabati saa mbili kamili asubuhi, akatoa kiti cha mbao, akakiweka kizingitini, akakikalia. Ndani hakukuwa na moto. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa shuka. Mtu akimsalimia, aliitikia. Mtu akimuuliza anafanya nini, alijibu, "Nimefungua."

"Lakini si kamati ya soko ilikufunga?"

"Ilinifunga mikono. Mlango ni wangu."

Nilikuwa nimemjua kwa miaka tisa kabla ya siku za kiti hicho, na nina sehemu yangu katika sababu iliyomfanya akikalie. Nitafika hapo. Kwanza nataka ajulikane alivyokuwa akifanya kazi, kwa sababu mtu akisimuliwa kwa mkasa mmoja tu huwa mdogo kuliko alivyo. Sitasema alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Hapa kwetu watu wakishapata ukoo huacha kusikiliza yaliyobaki.

Alikuwa mama mfupi, mzito wa mabega, aliyefundisha ufundi wa vyuma katika chuo hadi akastaafu. Alivaa ovaroli ya buluu juu ya gauni, na kitambaa cha pamba kichwani. Nailoni hakuitaka karibu yake. Alisema nailoni ikipata cheche hukushika kama mlevi: huwezi kuibandua bila kupoteza kitu. Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana mvi, aliwaita kwa makosa yao ya kwanza. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye lori mbili aliyeitikia "Wewe wa Patasi" mbele ya madereva wake, kwa kuwa aliwahi kuvunja patasi ya chuo akiwa kijana. Mimi sikuwahi kusoma kwake, lakini niliingia kibandani mara ya kwanza nikiwa na daftari kwapani, na tangu siku hiyo nikawa Karani.

Mimi hutengeneza redio, simu na kompyuta huko Keumbu. Kila ninachojua nimejifundisha, ukurasa kwa ukurasa, na ninaandika kila kitu kwa sababu sikupata mwalimu wa kuniambia kipi hakifai kuandikwa. Siku hiyo nilikuwa nimebeba fremu ya kompyuta ya mteja, imevunjika penye bawaba.

"Umeleta nini?" aliniuliza.

"Alumini, Mwalimu."

"Nani amekuambia ni alumini?"

"Ni nyepesi. Tena ni nyeupe."

"Hata unga ni mweupe."

Alikwaruza ukingo kwa tupa, akachukua chupa ya siki ya jikoni, akadondosha tone moja. Pale kwenye mkwaruzo pakaanza kuchemka kwa vipovu vidogo sana. Akaniambia niweke sikio. Niliweka. Palikuwa pakilia, kama sufuria ya chai inayokaribia kuchemka.

"Alumini ingenyamaza," alisema. "Hii ni magnesiamu. Ungeipeleka kwa fundi wa kawaida ungerudi bila kompyuta, na yeye angebaki bila nyusi."

Niliandika hilo. Ni mstari wa kwanza wa daftari lile.

Wateja wake wengi hawakuwa wa kompyuta. Walikuwa wapasuaji mbao, wale wanaoangusha mikaratusi kutoka Birongo hadi Nyaramba kwa misumeno ya injini ambayo sote huiita pawa. Kasha la injini ya pawa nzuri hutengenezwa kwa aloi ya magnesiamu ili mtu aweze kuibeba mlimani kutwa. Mti ukibana upanga wa msumeno, kasha hupasuka mahali bolti zinapoingia. Kasha likipasuka, pawa hutupwa. Kwa mafundi wote niliowajua hilo lilikuwa sheria: magnesiamu haichomelewi. Ukiipiga kwa moto wa kawaida hubeba joto haraka, huchemka kabla hujamaliza kuiyeyusha, huacha vitundu kama mkate, na maganda yake membamba, yale yanayobaki chini ya tupa, yakishika moto huwaka mweupe usioweza kuutazama.

Mwalimu hakuipenda sheria hiyo. Aliponiambia habari zake alikuwa tayari ameagiza mashine ya leza ya kushika mkononi, iliyofika ndani ya sanduku la mbao ikiwa na maelekezo ya Kichina. Hoja yake ilikuwa fupi. Ikiwa joto jingi ndilo tatizo, basi tutumie joto dogo, mahali padogo, kwa muda mdogo. Leza inaweza hivyo. Mshono wake ni mwembamba kama mstari wa kalamu, na sentimita moja kando yake unaweza kuweka kidole muda mfupi tu baadaye.

Hoja ilikuwa fupi lakini kazi haikuwa fupi. Aliharibu makasha arobaini na moja kabla ya moja kushika. Najua idadi kwa sababu mimi ndiye niliyeyaandikia vibandiko: vitundu, ufa wa moto, gesi imepeperushwa na upepo, uchafu wa mafuta, mkono mzito. Aliyatundika yote ukutani kwa waya. Mtu mmoja kutoka ofisi fulani alipokuja kuuliza cheti chake cha kutumia mashine ile, Mwalimu alimwonyesha ukuta.

"Vyeti vyangu hivyo. Arobaini na moja. Wewe una vingapi?"

Alikuwa na brashi ya waya isiyogusa kitu kingine ila magnesiamu. Siku moja mtu aliitumia kusugua chuma cha geti, naye akaacha kazi yote hadi siku ya soko iliyofuata, alipopata brashi nyingine, ingawa wapasuaji watatu walikuwa wakimngoja. Waya wa kujazia aliukata mwenyewe kutoka kwenye makasha yaliyokufa, vipande vyembamba kama njiti, akisema kidonda cha ng'ombe hakishonwi kwa ngozi ya mbuzi. Alipuliza agoni, gesi inayozuia hewa isiuguse mshono, juu yake na chini yake. Watu wengi husahau chini.

Kuhusu mwanga alikuwa mkali kuliko kuhusu moto. Mwanga wa leza ile hauonekani kwa jicho, nao hupofusha hata ukirudishwa na bati. Hakuna aliyevuka pazia lake la bati bila miwani maalumu, hata mchungaji wa kanisa lake alipokuja kuibariki mashine.

"Vaa hii kwanza, mchungaji."

"Mwalimu, nakuja kwa maombi tu."

"Ndiyo. Na uombee mikono yangu. Mashine haijatenda dhambi."

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likianza kulala, hata mshono ukiwa nusu, alizima. Hakuruhusu nyimbo za kanisa kuchezwa kwenye redio kibandani; alisema wimbo si wa kujaza kelele. Lakini yeye mwenyewe alipochomelea aliimba kwa ndani, midomo ikitikisika nyuma ya barakoa. Nilidhani ni ibada. Baadaye nilimpima kwa saa, nikagundua kwamba mstari mmoja wa wimbo ulikuwa sentimita kumi za mshono, kila mara, na tofauti haikufika nusu sekunde. Nilipomwambia nimegundua, alikasirika kidogo.

"Sasa nitaanza kujisikiliza," alisema, "na mkono utaharibika."

Alikuwa na mambo yasiyolingana, nami sitayalinganisha kwa niaba yake. Aliyekataa neno "haiwezekani" kutoka kwa kila mtu, yeye mwenyewe alirudisha kazi nyingi. Gurudumu la pikipiki la magnesiamu aliligusa mara moja akamrudishia mwenyewe. "Kitu kinachobeba shingo ya mtu sikichomelei. Pawa ikivunjika utalaani. Hii ikivunjika hutapata nafasi ya kulaani." Alihubiri vipimo, nilete mizani, nilete saa, niandike, kisha yeye akapima vitu kwa ulimi. Alionja siki, alionja maji ya kupozea mashine, alionja vumbi.

Hilo la vumbi ndilo ninalolizunguka tangu mwanzo.

Magnesiamu ikiwaka haizimwi kwa maji. Maji huilisha. Mchanga wa mtoni nao una maji ndani hata ukionekana mkavu. Mwalimu alitumia vumbi la mawe ya sabuni, lile linalobaki chini ya mikono ya wachongaji wa Tabaka. Ni laini, ni zito, nalo hufunika moto kama blanketi hadi ukose hewa. Sharti ni moja: liwe kavu kabisa na lisichanganyike na kitu. Alilikausha kwenye kikaango, akalihifadhi katika vyungu vyenye vifuniko. Kabla ya kazi alichovya kidole na kuonja. Vumbi safi la jiwe la sabuni halina ladha yoyote.

Moto uliomletea taabu haukuwaka kwake. Uliwaka kibanda cha nne kutoka kwake, kwa kijana aliyejaribu kuchomelea kasha la pawa kwa mashine ya kawaida akidhani ni alumini. Maganda sakafuni yakashika. Jirani mwema akamwaga karai la maji. Watu waliokuwa upande wa pili wa barabara wanasema waliona vivuli vyao ukutani mchana. Paa likaenda, na kijana akaungua mkono, ambao umepona. Kamati ya soko letu ilikutana jioni hiyo. Hawakuuliza nani alimwaga maji. Waliuliza nani hapa anajulikana kwa chuma cheupe, na sote tunajua jibu lilikuwa nani.

Alikwenda mbele yao bila kuitwa.

"Omong'ina," mwenyekiti alimwambia, kwa heshima tunayompa mama mzee, "hatutaki ubishi. Tunataka usalama."

"Hata mimi. Nipeni siku moja ya soko. Nitauwasha moto huo mbele yenu, nitauzima, kisha nitachomelea kasha na mtu alifanyie kazi. Nikishindwa, nafunga."

Walikubali. Vyungu vyake viwili vilikuwa vimepasuka wakati watu walipokuwa wakikimbia ule moto, kwa hiyo vumbi jipya lilihitajika, na kazi hiyo alinipa mimi. Nina binamu mchongaji Tabaka. Nilileta vumbi, nikalikausha kwa dakika arobaini kwenye kikaango, nikapima uzito kabla na baada, nikaandika. Kisha nikalimimina katika gunia.

Gunia lilikuwa la mbolea ya chai. Nililikung'uta vizuri. Yeyote aliyelelewa Kisii au Nyamira atanielewa: kwetu kila kitu hukaa katika gunia la mbolea ya chai. Mahindi, mkaa, nguo za mtoto anayekwenda bweni. Halionekani tena kuwa la mbolea. Limekuwa gunia tu.

Siku ilipofika, watu walijaa. Mwalimu aliweka maganda ya magnesiamu juu ya bamba la chuma, akafungua gunia, akachovya kidole, akaonja. Akatema. Akaonja tena.

"Karani. Ulikausha vipi?"

"Kikaangoni, Mwalimu. Dakika arobaini. Nimeandika."

"Kisha?"

Nililitazama gunia, na nilipoliona kwa macho yake, nikayasoma maandishi yaliyofifia ubavuni. Mbolea ile huvuta unyevu wa hewa. Kibaya zaidi, ndani yake mna kitu kinachoupa moto hewa ya kupumua. Tungemwaga gunia lile juu ya magnesiamu inayowaka, watu wakiwa wamesimama hatua sita.

Alinitazama mara moja, kwa muda mfupi. Kisha akakunja mdomo wa gunia.

"Leo siwashi," alisema.

"Kwa nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Vumbi langu halifai."

Watu walicheka. Mtu alipiga kelele kutoka nyuma, "Mwalimu, hata unga unaogopa moto wako!" Mwenyekiti alisubiri kicheko kipungue.

"Nani alileta vumbi hilo?"

"Nimesema ni vumbi langu."

Hivyo ndivyo alivyokatazwa. Nilikuwa nimesimama mkono wake wa kulia, nina daftari, na sikusema neno.

Sikurudi sokoni. Nilijiambia nina kazi nyingi Keumbu, na ni kweli nilizitafuta nikazipata. Habari za kiti nilizisikia kwa wateja. Kisha siku moja akaja dukani Nyakundi, mpasuaji mbao mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya injini.

"Karani, Mwalimu anauliza kama ulikufa. Anasema kama ulikufa, tumwambie, alete sukari ya matanga."

"Mwambie niko."

"Kamwambie mwenyewe. Na ukija, ruka vizuri. Tumeweka pawa zetu pale."

Sikuelewa mpaka nilipofika. Wapasuaji waliokuwa na pawa zilizopasuka walikuwa wamezileta moja moja na kuziacha miguuni pa kiti. Zilipojaa pale, zikaendelea kando ya njia, hadi kwenye mlango wa ofisi ya kamati, iliyo vibanda viwili mbele. Nilihesabu kumi na tisa. Wenyewe walikuwa wameegemea kuta wakinywa uji.

Mwalimu alikuwa kitini. Alikuwa amepungua mwili, na jicho la kushoto lilikuwa na wingu. Ubavuni pake palikuwa na chungu chenye kifuniko.

"Karani. Umekonda."

"Nilikuwa na kazi, Mwalimu."

"Najua. Kuona haya ni kazi kubwa, tena haina Sabato."

Mwenyekiti alikuwa amefika, akiinua miguu juu ya pawa kama mtu anayevuka tope.

"Mwalimu, ondoa vyuma hivi."

"Si vyangu, baba. Kila kimoja kina mwenyewe."

Mwenyekiti akawageukia wapasuaji. "Mnangoja nini hapa?"

"Fundi," Nyakundi alisema.

"Fundi amekatazwa."

"Basi tunangoja."

Mwenyekiti alitazama njia, akatazama mlango wake, akamtazama Mwalimu. Si mtu mbaya. Alikuwa ameona paa likienda, na alikuwa na watoto wanaopita hapo wakitoka shule.

"Unataka nini?" alimuuliza.

"Kile nilichotaka mara ya kwanza."

"Na ukishindwa mara hii, unaondoka na mashine na kiti. Sitaki kukuona hata umekaa."

"Nimesikia."

Alifunua chungu, akakisukuma kwangu. "Onja."

Nilichovya kidole, nikaonja. Watu walikuwa wamesogea. Ulimi wangu ulitafuta chumvi, ukatafuta ule ubaridi wa mbolea, haukupata kitu.

"Halina ladha," nilisema.

"Kwa sauti. Mwenyekiti hajasikia."

"Halina ladha!" Kisha, bila kupanga, nikaendelea. "Vumbi la siku ile nililileta mimi. Nililiweka kwenye gunia la mbolea. Yeye hakujua."

"Kumbe ni wewe!" Nyakundi alinguruma. "Miezi mitano tumekaa bila pawa! Karani, kalamu yako tutaitia kwenye uji!"

Watu wakacheka, na mara hii nilijua wanamcheka nani.

"Hukuulizwa hilo," Mwalimu alisema. "Uliulizwa ladha. Vaa miwani uwashe."

Niliwasha maganda ya magnesiamu juu ya bamba. Mwanga mweupe ulipanda, watu wakajikinga kwa mikono. Mwalimu alichota vumbi kwa koleo lenye mpini mrefu. Hakulirusha. Alilitelemsha taratibu kuanzia ukingoni, kama mtu anayefunika mtoto, hadi weupe ukawa manjano, manjano ikawa kilima kidogo cha vumbi kisichotoa hata moshi. Mwenyekiti aliinama kutazama.

"Yaya!" Mwalimu alimkataza kwa lugha ya nyumbani. "Ukifunua mapema, unapumua tena."

Tulisimama sote, soko zima, tukitazama kilima cha vumbi. Alipofunua, maganda yaliyobaki yalikuwa ya kijivu na baridi.

Kisha akaingia nyuma ya bati na kasha la Nyakundi. Jicho la kushoto halikumsaidia. Niliona akitembeza ukucha juu ya ufa kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu, kabla ya kushika leza. Midomo ikaanza kutikisika. Mistari miwili upande wa nje, mmoja wa ndani.

Kurudisha injini ndani ya kasha kulichukua saa moja na nusu. Nyakundi aliiwasha, akaenda kwenye kisiki cha mkaratusi nyuma ya ofisi ya kamati, kisiki ambacho kilikuwa kimewashinda watu tangu mwaka jana, akakikata hadi chini. Akakata tena vipande. Akarudi amebeba pawa begani, akaigeuza mbele ya mwenyekiti. Mshono ulikuwa pale, mwembamba, mkavu.

Mwenyekiti aliupitishia kidole. Hakuharakisha, na hilo nampa heshima.

"Haya, Mwalimu," alisema hatimaye. "Unaweza kufungua."

"Nifungue nini? Mlango huu ulifungwa lini?"

Akakiinua kile kiti, akakiweka chini mbele ya mwenyekiti, katikati ya pawa kumi na nane.

"Kaa, baba," alimwambia. "Mimi nina kazi."